Niambie Wati, Usiniambie i7

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu. Kazi zilinizidi, mteja akabadilisha mawazo mara mbili katikati ya mradi, kisha ruta ya nyumbani ikafa. Samahanini wadau. Leo nimerudi na hasira kidogo, na hasira yenyewe inahusu stika. Zile stika ndogo zinazobandikwa karibu na kibodi ya laptopu mpya, ambazo wengine wetu hatuzibandui hata baada ya miaka mitano.

Jumamosi iliyopita binamu yangu alibisha mlangoni akiwa na begi mgongoni na uso wa mtu aliyetoka mazishini. Binamu huyu ni mpiga video. Harusi, ruracio, mazishi yenyewe, na wakati wa kampeni hata mikutano ya waheshimiwa. Alikuwa ameweka akiba kwa miezi minane ili anunue laptopu mpya ya kuhariria video, na akainunua mjini kwa shilingi 82,000. Bado ilikuwa na ile karatasi laini juu ya kifuniko. Stika ya kwanza: Core i7. Stika ya pili: Iris Xe.

"Kaka, nimeibiwa," alisema kabla hata hajaketi.

Malalamiko yake yalikuwa mawili. La kwanza, stika inasema Iris Xe lakini ukifungua Windows na kutazama jina la grafiki unakuta imeandikwa Intel UHD Graphics, jina lile lile analolijua kutoka laptopu za bei rahisi. La pili, akianza kutoa video ya harusi, nusu dakika ya kwanza mashine inakimbia vizuri sana, kisha inapunguza mwendo kama matatu iliyoona polisi. Harusi ilikuwa imeshafanyika, bibi harusi anapiga simu kila jioni, na malipo ya mwisho yanasubiri video. Kwake hii haikuwa habari ya teknolojia hata kidogo, ilikuwa habari ya kodi ya nyumba.

Nilimtengenezea chai tukafungua mashine. Na nikuambie mapema, msomaji: hakuwa ameibiwa. Prosesa ilikuwa halali, Core i7-1255U, kizazi cha 12, iliyotolewa 2022. Kila kitu kilichoandikwa kwenye stika kilikuwa kweli. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Tuanze na lile la mwendo. Tuliwasha HWiNFO, programu ya bure ya Windows inayoonyesha prosesa inakula wati ngapi, kisha tukaanzisha kutoa video. Mwanzoni ilipanda hadi wati 40 na kitu. Feni ikalia. Baada ya muda usiofika dakika moja ikashuka hadi 15, ikabaki pale pale kwenye 15 kama imepigiliwa msumari. Joto lilikuwa bado ni la kawaida. Mashine haikuwa imeungua wala feni haikuwa mbovu. Iliambiwa ishuke, ikashuka.

Prosesa za Intel za laptopu zina vikomo viwili vya umeme. Wahandisi huviita PL1 na PL2. PL2 ni kile inachoruhusiwa kula kwa muda mfupi, PL1 ni kile inachoruhusiwa kula siku nzima. Kuna namba ya tatu inayoitwa tau, ambayo ndiyo inayoamua huo muda mfupi ni mfupi kiasi gani, na kwenye laptopu nyingi za Intel huwa imewekwa sekunde 28. (Kwa usahihi si saa ya kengele, ni wastani unaosogea, kwa hiyo ukiwa umekaa kimya muda mrefu unapewa kamkopo kidogo. Lakini sekunde 28 ni makadirio mazuri.) Karatasi rasmi ya Intel kuhusu i7-1255U inasema wati 15 za msingi na wati 55 za juu kabisa. Kati ya 15 na 55 kuna karibu mara nne! Ni kama kuajiri mtu akuambie mshahara ni kati ya elfu 15 na elfu 55, utajua mwisho wa mwezi.

Sisi ni nchi ya wakimbiaji, kwa hiyo hili tunapaswa kulielewa kuliko watu wengine wote. PL2 ni mbio za mita 100. PL1 ni marathoni. Gigahatsi 4.7 zilizoandikwa kwenye boksi la binamu ni za mita 100, tena za kiini kimoja kikikimbia peke yake. Kutoa video ya harusi ya saa mbili ni marathoni. Kukompaili programu ya Android kwenye Gradle, kazi inayonipa mimi ugali, ni angalau mita elfu tano. Hakuna mtu anayemchagua mkimbiaji wa marathoni kwa kutazama mita mia zake za kwanza, ila laptopu tunazichagua hivyo kila siku.

Na sasa jambo linalowakasirisha watu zaidi wakilielewa: PL1 haiwekwi na Intel peke yake. Aliyetengeneza laptopu ndiye anayeamua. Intel inampa nafasi ya kushusha hadi wati 12 kwa chipu hii hii, na akiwa na feni nzuri anaweza kuipandisha hadi 20, 25 au zaidi. Kwa hiyo unaweza kukuta laptopu mbili zimekaa bega kwa bega kwenye rafu moja Moi Avenue, zote i7-1255U, bei zinakaribiana, moja inakimbia marathoni kwa wati 12 na nyingine kwa 25. Stika ni ile ile na muuzaji ni yule yule. Ukimuuliza tofauti atakuambia hii moja ina taa za kibodi.

AMD nao si malaika. Wana majina yao tofauti, na kanuni inayofanana. Ryzen 7 7840U ya 2023, chipu niipendayo sana, imeandikwa kwamba inaweza kuwekwa kati ya wati 15 na 30. Ndani yake kuna grafiki ya Radeon 780M. Jina ni 780M ikiwa kwenye wati 15, ni 780M ikiwa kwenye wati 30. Apple ndio kabisa, hawakutoa kikomo cha wati cha M1 walipoileta Novemba 2020. MacBook Air ya M1 haina feni, MacBook Pro ya inchi 13 ya wakati ule ina feni, chipu ni moja, na ukizipa kazi ya dakika chache huoni tofauti. Zipe kazi ya nusu saa, utaiona Air ikianza kuchoka.

Nilipomweleza binamu hayo akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike leo. "Sasa mbona hawaandiki?"

Jibu ambalo hutolewa siku zote ni kwamba mnunuzi wa kawaida haelewi wati. Kweli? Mkenya haelewi wati? Nenda duka lolote la vifaa vya umeme hata kijijini kabisa. Balbu inauzwa kwa wati. Pasi inauzwa kwa wati. Birika la umeme limeandikwa wati 2000, na mama yangu anajua vizuri kwamba hilo ndilo linalomaliza token. Paneli za sola hatuulizi ni za kampuni gani kabla ya kuuliza ni za wati ngapi. Na mtu wa boda boda, hata kama hakumaliza shule, muulize pikipiki yake ni cc ngapi uone kama atasita. Watu hawa wote wangeelewa namba moja kwenye boksi: wati za kudumu, 15. Au 28. Tatizo ni kwamba hiyo namba haiuzi, kwa sababu ikiandikwa, ile i7 nyembamba ya bei ghali itaonekana iko pamoja na i5 nene ya bei nafuu.

Historia inaonyesha hivyo. Intel waliwahi kuwa na chipu za wati 4.5 walizoziita Core M, zilizoingia sokoni 2014, za laptopu zisizo na feni. Angalau jina lilikuwa tofauti. Uliona M, ukajua. Mwaka 2016, kizazi cha 7, mbili kati ya hizo zikabatizwa upya zikaitwa i5 na i7 kama ndugu zao wakubwa, tofauti ikabaki herufi Y iliyofichwa katikati ya namba. Hebu tazama: i5-7Y54 ina viini 2, inapanda hadi GHz 3.2. i5-7200U ina viini 2, inapanda hadi GHz 3.1. Ukisoma haraka dukani utachukua ya kwanza, si ina kasi zaidi? Lakini ya kwanza ina wati 4.5 na ya pili 15, na kwa kazi yoyote inayozidi dakika chache ya pili inaiacha mbali. Hizi si habari za makumbusho. Laptopu za kizazi hicho ndizo zinazotujia sasa kwa wingi kama mitumba, zile tunazoziita ex-UK, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauziwa kwa maneno "i5, seventh gen, boss." Ukiona Y katikati, weka mkono mfukoni uendelee kutembea, isipokuwa kazi yako ni kuandika tu.

Haya, turudi kwenye grafiki.

Kwanza, jambo ambalo hata watu waliosoma nami chuo wanalisahau: grafiki ya ndani haina wati zake. Inakula sinia moja na prosesa. Zile wati 15 ni za viini vyote, za grafiki, na za mambo mengine madogo yaliyomo kwenye chipu. Ukicheza gemu na grafiki ikahitaji wati 10, viini vinagawana kilichobaki. Ndiyo maana kuna ujanja unaoshangaza watu: kwenye laptopu ya wati chache, ukimzuia prosesa asipande sana, gemu wakati mwingine linakwenda vizuri zaidi. Kile kiini kimoja kilichokuwa kikipiga GHz 4.7 bila sababu kilikuwa kinamlia mwenzake chakula.

Pili, haina kumbukumbu yake. Kadi ya grafiki ya kando ina kumbukumbu yake yenye njia pana: GTX 1650 ya kwanza, kadi ya kawaida kabisa ya 2019, ilipitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Grafiki ya ndani inategemea RAM ile ile inayotumiwa na kivinjari chako chenye vichupo arobaini. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili, kila kimoja kwenye chaneli yake, 51.2. Hapo hakuna uchawi, ni barabara ya njia moja na ya njia mbili. Waliokaa kwenye foleni ya Thika Road kabla ya upanuzi wanaelewa.

Nikageuza laptopu ya binamu, nikafungua skrubu. Nafasi mbili za RAM. Moja ina kijiti cha gigabaiti 8. Nyingine tupu, ina vumbi la kiwandani.

Na hilo ndilo lililokula jina la Iris Xe. Intel wana kanuni: ili grafiki iitwe Iris Xe, mashine lazima iwe na RAM kwenye chaneli mbili. Ikiwa ni moja, dereva inaionyesha kama Intel UHD Graphics. Chipu haikubadilika, vile vipande 96 vya kuchorea vyote vimo, ila havina cha kula. Kwa upande mmoja nawasifu Intel kwa hili, kwa sababu ni mara chache kampuni inakubali kushusha jina la bidhaa yake pale inapofungwa mikono. Kwa upande mwingine, jina linashuka ndani ya Windows, baada ya kulipa, wakati stika ya nje inabaki inang'aa! Kanuni kama hiyo iliendelea kwenye Core Ultra za Desemba 2023: Core Ultra 7 155H ina grafiki inayoruhusiwa kuitwa Arc, mradi mashine iwe na angalau gigabaiti 16 kwenye chaneli mbili. Pungufu ya hapo ni Intel Graphics tu, jina lisilo na ukoo.

Najua kwa nini wanauza na kijiti kimoja. Ni rahisi zaidi, na muuzaji anaweza kusema "unaweza kuongeza baadaye." Naogopa hali itazidi. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron wakatangaza kwamba wanaachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulinunua vijiti vyake. Ukiwa mtengenezaji wa laptopu na unatafuta pa kupunguza gharama bila mnunuzi kugundua, utapunguza wapi? Si kwenye stika.

Sasa nisieleweke vibaya. Simo kwenye lile kundi la kudharau chipu za wati chache na kuimba kwamba bila kadi ya Nvidia huna mashine. Nafikiri kinyume kabisa. Kwa maisha yetu hapa, chipu ya wati chache ndiyo chipu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mimi nilikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi, na laptopu yangu ya wati 15 ilinivusha. Mwenzangu mwenye mashine ya gemu alikuwa na shehena ya plastiki yenye taa za rangi, imezimika.

Tena fizikia iko upande wetu. Umeme unaotumiwa na chipu unafuata takriban kasi mara volti mara volti. Ukitaka kasi zaidi lazima uongeze volti pia, kwa hiyo gharama inapanda kama mchemraba wa kasi. Kwa hesabu hiyo, ukizidisha wati mara mbili unapata kasi ya ziada kama asilimia 26 tu, maana huo ndio mzizi wa tatu wa 2. Zilizobaki zinakuwa joto la mapajani. Kwa viini vingi kwenye wati chache mambo hayaendi sawasawa na hesabu hii, kuna sakafu ya volti ambayo huwezi kushuka chini yake, lakini wazo ni hilo. Wati 15 zilizotumiwa vizuri zinafika mbali.

Na mifano ipo. Steam Deck ya Valve, iliyotoka Februari 2022, ni kifaa kizima cha gemu kinachotumia chipu ya wati 4 hadi 15. Wameiandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wa vipimo vyao, wati 4 hadi 15, mchana kweupe, na watu wakanunua kwa furaha. Mwenye kifaa anaweza hata kushusha kikomo mwenyewe kutoka kwenye menyu ili betri idumu. Kwa hiyo yule anayesema mnunuzi ataogopa namba, nitamwonyesha Steam Deck. Tazama pia RAM yake: gigabaiti 88 kwa sekunde. Walijua grafiki ya ndani inakufa kwa njaa ya kumbukumbu kabla ya kufa kwa njaa ya wati.

Lunar Lake ya Intel, Core Ultra 200V ya Septemba 2024, ilifuata wazo hilo hadi mwisho: RAM imewekwa juu ya kifurushi kimoja na prosesa, LPDDR5X-8533, inayopitisha zaidi ya gigabaiti 136 kwa sekunde, wati 17 za msingi na 37 za juu kwa nyingi kati yake. Mbio fupi na marathoni zimekaribiana, na hilo nalipenda. Hata namba zake zinasema kitu kwa mara moja: 256V ina gigabaiti 16, 258V ina 32. Ubaya ni kwamba hutaongeza kijiti milele. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Kwa nchi ambayo laptopu inaishi mikono mitatu kabla ya kufa, hilo si jambo dogo, na sijaamua kama nakubali biashara hiyo.

Halafu mapema 2026 wakaja na Core Ultra Series 3, na ndani ya familia moja kuna chipu zenye viini 12 vya grafiki na nyingine zenye 4. Tofauti ya mara tatu, jina la familia ni moja. Tunaanza upya.

Basi unafanyaje ukiwa dukani? Mimi naomba kuwasha mashine. Muuzaji akikataa, naondoka. Nafungua Task Manager, naenda sehemu ya kumbukumbu, natazama ni nafasi ngapi zimetumika. "1 of 2" maana yake ni bajeti yako iongezwe bei ya kijiti, au bei ipungue. "1 of 1" niulize maswali zaidi. Natazama jina la grafiki na kulilinganisha na stika. Kwa wati nakuja na HWiNFO kwenye flashi, nampa prosesa kazi nzito kwa dakika tano huku tukipiga gumzo, kisha nasoma namba iliyotulia. Dakika tano, si moja. Wapo wanaoniona kichaa. Muuzaji mmoja aliniambia, "Boss, unanunua laptop ama unanunua ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe ningemkagua meno pia.

Wa Linux mna raha zaidi. Fungua folda /sys/class/powercap/intel-rapl:0 na usome faili la constraint_0_power_limit_uw. Hiyo ndiyo PL1, kwa mikrowati, kwa hiyo 15000000 ni wati 15. Faili la constraint_1 ni PL2. Ukitaka kusoma energy_uj utahitaji kuwa root, na hilo si kiburi cha mtu: Novemba 2020 watafiti walionyesha shambulio waliloliita Platypus, ambapo kwa kusoma tu umeme unavyotumika waliweza kubahatisha funguo za siri, mlango ukafungwa. Ule mchezo wa kushusha volti ili upate kasi zaidi ndani ya wati zile zile nao ulifungwa kwenye laptopu nyingi baada ya Plundervolt ya Desemba 2019. Nilikuwa naupenda sana ule mchezo.

Binamu, je? Tulipata kijiti cha mtumba cha gigabaiti 8, DDR4-3200, kutoka kwa fundi ninayemwamini. Tulipowasha, jina likarudi: Iris Xe. Alicheka kama aliyepewa mtoto.

Wati hazikuongezeka, ni 15 zile zile. Lakini nilikuwa nimegundua jambo lingine. Programu yake ya kuhariri ilikuwa imewekwa itoe video kwa kutumia viini vya prosesa. Ndani ya grafiki za Intel kuna sehemu maalum ya kufungua na kufunga video, Quick Sync, imekuwemo tangu 2011, nayo inakula umeme kidogo sana kwa sababu haijui kufanya kazi nyingine yoyote. Na hapa grafiki ya ndani iliyodharauliwa inalipiza kisasi: tangu kizazi cha 11 sehemu hiyo inafungua video za HEVC za 4:2:2 biti 10, aina ambayo kamera nyingi za wapiga harusi hurekodi siku hizi. Kadi za Nvidia za RTX 30 na RTX 40, zenye bei ya pikipiki, hazikuweza kuifungua. Nvidia waliongeza uwezo huo kwenye RTX 50, mwaka 2025. Tulibadilisha mpangilio mmoja, na video ikaanza kusogea huku prosesa ikiwa haifiki hata kikomo chake.

Bibi harusi alipata video Jumanne. Niligundua pia kwamba BIOS ya ile laptopu ina mpangilio wa kupandisha wati za kudumu hadi 20, nikamwonyesha. Aliujaribu usiku mmoja akauzima. Anasema feni inapiga kelele mpaka inamwamsha mtoto, na mtoto akiamka hakuna video itakayohaririwa.